Maneno Kumi na Tisa ya Koko Adolphine

Nyumbani kwetu, mtaa wa Mikelenge, siku huanza kwa mchi. Mama anatwanga mpunga, mimi napepeta, na Koko Adolphine alikuwa akikaa kwenye kigoda akichambua mchele, akitoa vijiwe kimoja kimoja na kuvitupa nyuma ya bega bila kugeuka. Koko ndivyo tunavyowaita bibi zetu hapa Kindu. Wangu alikuwa mama mzazi wa mama yangu, mfupi, miguu imevimba, na mkali kwa mtu yeyote anayepepeta huku akisinzia. Mtu huyo alikuwa mimi.

"Ange, unalisha kuku ama unalisha watu?" aliniuliza kila mchele ulipomwagika.

Kisha nilivaa sare na kwenda shule. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Sikuwa mtoto mbaya, lakini nilikuwa na ugonjwa mmoja: nilipenda kumaliza. Kazi ikiwa mbele yangu nilitaka iishe, tena iishe kabla ya kazi ya mwenzangu, na jinsi ilivyoisha sikujali sana. Nawaambia mapema ili msinishangae huko mbele.

Mwezi wa Mei Mwalimu Gérard alikuja darasani kwetu. Hakuwa mwalimu wetu. Alifundisha chuoni, na kazi yake ilikuwa kuchunguza lugha za mkoa wetu wa Maniema. Alichukua chaki akaandika ubaoni: moto, mvua, mbwa, goti, yai.

"Fikirieni lugha mbili za jirani zinazofanana," alisema. "Zamani wenye lugha hizo walikaa pamoja na kusema namna moja. Baadaye wengine wakahama. Hakuna aliyeandika tarehe. Tutajuaje walitengana lini?"

"Tuwaulize wazee," akasema Exaucé, mvulana anayekaa nyuma yangu, ambaye sijawahi kumwona akinyamaza dakika tano.

"Wazee wetu hawakuwepo," Mwalimu akajibu, darasa likacheka. "Lakini maneno yalikuwepo."

Akatueleza. Maneno kama yale ya ubaoni mtu huyatumia kila siku tangu utotoni, kwa hiyo hubadilika polepole kuliko mengine. Wataalamu fulani wamekisia kwamba katika maneno mia moja ya namna hiyo, kila lugha kwa upande wake hupoteza kama kumi na manne kila miaka elfu moja na kuweka mengine mahali pake. Ukipanga orodha za lugha mbili kando kando, unahesabu yanayofanana. Yakiwa mengi, watu hao walitengana juzi juzi. Yakiwa machache, walitengana zamani sana.

"Ni kukisia, si kupima kwa rula," alisema Mwalimu Gérard, "na wapo wenzangu wanaobishana na hesabu hii. Mimi mwenyewe naishika kwa tahadhari. Ila hakuna hesabu inayofaa kama orodha yenyewe ni ya uongo."

Alitugawia madaftari yenye maneno mia moja ya Kiswahili, na mbele ya kila neno nafasi tupu. Tuwaulize wazee wetu, tuandike, turudishe Ijumaa. Aliponifikia mimi alisimama.

"Wewe ndiye mjukuu wa Mama Adolphine wa Mukalanga? Nimetafuta mtu wa Mukalanga miaka mitano."

Mukalanga kilikuwa kijiji kidogo ndani ya msitu, pembeni ya njia ya Kama. Siku hizi hakipo. Kiliteketezwa wakati wa vita, kabla mimi sijazaliwa, na mtu pekee aliyebaki mjini Kindu anayejua usemi wa pale alikuwa Koko. Mama yangu alitoka huko akiwa na miaka mitano. Anajua kusalimu na kuomba maji, basi. Mwalimu alitaka kulinganisha usemi wa Mukalanga na Kilega, lugha ya majirani zao wakubwa. Darasa zima lilinigeukia, nikajiona mkubwa kuliko dawati langu.

Koko alifurahi sana. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Jioni ile tulikaa mlangoni, mimi na kalamu yangu ya bluu, nikamtajia neno kwa Kiswahili naye akanijibu kwa kikwao. Niliposema "sikio" alinivuta langu. Niliposema "pua" alinicheka kwamba yangu nimeichukua kwa baba, si kwao. Tulikwenda hivyo mpaka tukafika kwenye "moto".

Koko akaacha kucheka. Akaangalia uani, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Pita," akasema.

"Umesahau, Koko?"

"Iko mu kichwa. Haiko mu kinywa. Pita, tuendelee."

Nikapita. Mbele kidogo nikasema "mbwa", akasema pita. "Chawa", pita. "Mvua", "goti", "yai", "njia", pita. Wakati mwingine alijibu maneno sita mfululizo kwa uchangamfu, kisha neno la saba likamzima. Nilikasirika. Nilidhani uzee umemla kumbukumbu na anaona haya kukiri. Tulipomaliza jioni ya pili nilihesabu nafasi zilizobaki tupu. Zilikuwa kumi na tisa.

Alhamisi Exaucé alileta daftari lake shuleni na kunipitishia usoni. Lilijaa lote. "Mia kwa mia," alisema. "Lako je, mtu wa Mukalanga?"

"Karibu," nikasema.

Nikarudi nyumbani nimeuma meno. Jirani yetu, Mama Philomène, alizaliwa Pangi, Kilega ndiyo lugha yake ya kwanza. Mara nyingi nilimsikia akimtania Koko kwamba lugha zao ni moja, ila ya Mukalanga ilikaa sana msituni ikapata ukungu. Basi nikajiambia: kama ni moja, kuna dhambi gani? Nilimkuta Mama Philomène akimenya muhogo. Nilimwomba maneno kumi na tisa, hakuniuliza ni ya nini, akanipa akiwa anamenya. Nikayaandika katika nafasi tupu kwa kalamu ile ile ya bluu, mwandiko ule ule. Ilichukua dakika ishirini. Ijumaa nilimpa Mwalimu daftari langu, mia kwa mia, na Exaucé akanyamaza kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Majuma mawili yakapita. Jumamosi moja, kama saa nne asubuhi, Mwalimu Gérard alifika nyumbani amevaa shati lililopigwa pasi. Alikuja kumshukuru Koko. Mama alimtolea kiti kizuri, Koko akajifunga kitambaa kipya kichwani, Mama Philomène akasogea kusikiliza, maana katika ua wetu habari haina mlango.

"Mama Adolphine," alisema Mwalimu, "maneno sabini na sita ya Mukalanga yanafanana na ya Kilega, katika yote mia moja. Kwa kukisia, watu wenu walitengana na Walega kama miaka mia tisa iliyopita. Nilidhani ni zamani zaidi. Nimeshawaandikia wenzangu wa Kisangani, nao wameshangaa."

"Mia moja?" akauliza Koko. "Nilitoa mia moja?"

Mwalimu alidhani anatania. Akafungua daftari asome machache ili tusikie. Akasoma jicho, mkono, jiwe. Koko akaitikia kwa kichwa. Kisha akasoma neno lililoandikwa mbele ya "moto".

Mama Philomène akatabasamu, maana alilisikia neno lake. Koko hakutabasamu. Alinitazama mimi. Sikuweza kumtazama, nikaangalia vidole vya miguu yangu. Aliinuka polepole, akashika ukuta, akaingia ndani bila kumuaga mgeni, naye alikuwa mtu ambaye hajawahi kumwacha mgeni bila kumuaga. Mama aliomba radhi, akasema ni miguu. Mwalimu aliondoka amechanganyikiwa, na mimi sikufungua mdomo. Ningeweza kusema pale pale. Sikusema.

Siku ile Koko hakula. Kesho yake Mama alikwenda kanisani akatuacha wawili. Koko aliniita nikae kwenye mkeka wake.

"Neno ile ulitoa wapi?"

"Kwa Mama Philomène."

"Zote kumi na tisa?"

"Zote, Koko."

Nilingoja kofi. Ningelipenda kofi. Badala yake alianza kunisimulia, taratibu.

"Kwetu Mukalanga, muntu akikufa, ndugu yake wa karibu anaweka neno moja. Anaiweka, haisemi tena. Siyo neno ya sikukuu. Ni neno ya kila siku, ili uikose kila siku, uikumbuke sababu yake. Dada yangu mukubwa alikuwa ananitoa chawa kila Jumapili, basi nikaweka ile ya chawa. Mutoto wangu wa kwanza, Jérôme, alikuwa na mbwa wake. Unaona? Mwaka ukiisha, wanaanua matanga. Wanapika, watu wanakuja, mwenye kuweka anasukutua kinywa, anataja jina ya marehemu, anasema neno, na watu wote wanaiitika. Inarudi mu kijiji. Njo vile tulifanya siku zote."

Kisha akaniambia habari za mwaka ule wa vita, treni ilipoacha kuja Kindu. Asubuhi moja alikuwa amekwenda kijitoni kutoa muhogo aliouloweka, na Mama, akiwa na miaka mitano, alimfuata. Wakasikia bunduki. Walilala ndani ya maji, chini ya matete, mpaka jua likapita utosi. Waliporudi hapakuwa na kijiji. Waliokufa wa ukoo wake peke yake walikuwa watu ishirini na wawili. Mume wake, Mwamba, alikuwa mtu wa kukaa karibu na moto hata wakati wa joto, watu wakimcheka. Koko aliweka neno la moto kwa ajili yake.

"Uliweka maneno mangapi, Koko?"

"Makumi mbili na mbili. Kila marehemu na yake. Nani mwingine angeyaweka? Mama yako alikuwa hajue hata kufunga kitambaa."

Nilihesabu kichwani. Kumi na tisa yalikuwa kwenye orodha ya Mwalimu. Matatu hayakuwemo.

"Lakini Koko, kila siku unasema moto. Unasema mbwa."

"Kwa Kiswahili, ndiyo. Mu Kiswahili hakuna muntu wangu alikufa."

"Na juu ya nini hamkuanua matanga?"

"Na nani? Matanga haianuliwi na muntu mumoja. Nilisema ngoja, watu wa Mukalanga watatokea, wengine walikimbilia Kalima, wengine Kama. Nikangoja. Inaenda sasa miaka makumi mbili na sita." Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi. "Mutoto wangu, pale pa Mwamba palikuwa pa Mwamba. Umeweka pale neno ya nyumba ya mwingine."

Nililia mpaka kifua kikaniuma. Koko hakunibembeleza, na nadhani alifanya vizuri.

Nilianza na Mama Philomène. Nilimwambia nimeyafanyia nini maneno yake. Aliweka kisu chini. "Yaani uliniweka mu kinywa ya mwenzangu," alisema, "na mimi nikacheka mbele yake." Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akavaa viatu. "Twende kwa huyo Mwalimu. Peke yako utaishia njiani."

Mwalimu Gérard anakaa mtaa wa Kasuku, ni mwendo mrefu, na miguu yangu haikutaka kwenda. Alitupokea barazani. Nilisema yote bila kupumua. Alileta daftari, akaniambia nimwoneshe. Kumi na saba niliyajua. Mawili sikuwa na hakika nayo, mwandiko ulikuwa mmoja, nami nilikuwa nimeandika kwa haraka. Ikabidi Mama Philomène asikilize orodha nzima, neno kwa neno, mpaka akayakamata yale mawili. Mwalimu aliyapigia mstari yote kumi na tisa kwa kalamu nyekundu, akahesabu upya yaliyobaki.

"Hamsini na saba kati ya themanini na moja," alisema. "Si miaka mia tisa. Inakaribia elfu moja na mia mbili." Alivua miwani. "Ulitumia muda gani kuyaandika?"

"Dakika ishirini."

"Kwa dakika ishirini umefuta miaka karibu mia tatu ya watu ambao hawawezi kujitetea."

Alivaa tena miwani. Akasema kosa si langu peke yangu. Mtu mzima aliyepokea daftari la mtoto na kukimbilia kuandika barua kabla ya kwenda kumsikiliza mzee mwenyewe, naye alipenda kumaliza. Aliahidi kuwaandikia wenzake wa Kisangani kwamba hesabu yake ilikuwa na makosa, na aliandika barua hiyo pale pale, sisi tukimtazama.

Ndipo nikamweleza kwa nini nafasi zile zilikuwa tupu. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Basi hatutamwomba," alisema. "Kwa ajili ya daftari, hapana."

"Siyo ya daftari," akasema Mama Philomène. "Mwalimu, huyu mama amebeba matanga miaka yote hii. Miguu yake umeiona. Atafika wapi nayo?"

Jioni ile alikwenda moja kwa moja kwa Koko, akakaa chini, si kwenye kigoda. "Umewangoja watu wa Mukalanga," alimwambia. "Sisi tunaokaa karibu yako hatutoshi kuwa watu?"

Koko alichukua ungo wake. Siku mbili alichambua mchele tu na kutupa vijiwe vyake nyuma ya bega. Siku ya tatu alimwambia Mama, kama mtu anayeagiza chumvi, "Nathalie, Jumapili utatafuta samaki. Watu watakula."

Walikuja wengi kuliko nilivyodhani. Majirani Wakristo na Waislamu, wanawake wa shamba la mpunga, Exaucé na mama yake, Mwalimu Gérard bila daftari. Nilikuwa na la kwangu, kwa sababu Koko mwenyewe alisema niandike, safari hii nikisikia. Saa tisa alasiri alikaa kwenye mkeka katikati ya ua. Mama alimletea maji katika bakuli. Akasukutua, akatema pembeni.

"Jérôme," akasema. Akaweka bakuli chini. Kisha akasema neno la mbwa.

Nasi tukaliitikia. Tuliliitikia vibaya, kila mtu na ulimi wake, lakini tulikuwa watu kama arobaini, na neno lilijaa ule ua. Koko alifunga macho. Nililiandika. Halikufanana hata kidogo na lile nililokuwa nimeandika mwanzo, na niliposikia hivyo aibu ilinirudia upya.

Akaendelea. Dada yake, na neno la chawa. Mama mkwe wake aliyekuwa akilalamika goti kila masika, na neno la goti. Moussa, mtoto wa kaka yake, mwizi wa mayai, na hapo Koko akacheka, kicheko kikageuka kilio, ikabidi tungoje. Hakuna aliyemharakisha. Wengine aliwaelezea kirefu, wengine jina tu. Mama yangu alikaa karibu yake akisikia kwa mara ya kwanza habari za baba zake wadogo na binamu zake. Machozi yalimtiririka naye hayafuti.

Alipofika kwa mtu wa kumi na nne alikuwa amechoka, sauti imekwisha. Walibaki wanane. Mwamba alikuwa miongoni mwao. Alimwacha wa mwisho, kama mtu anavyomwachia mume wake kipande kizuri cha samaki.

"Hawa tutawaanua Jumapili ijayo," alisema. "Wamezoea kungoja."

Tukala. Koko alikula sahani nzima, jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu Pasaka. Jumatatu na Jumanne alikuwa mchangamfu, akiniita kwa kikwao nikiwa napepeta. Jumatano, jua likichomoza, Mama alimwita aje kwenye mchele, naye hakuitika. Moyo wake ulisimama akiwa amelala, alisema daktari. Uso wake ulikuwa mtulivu. Mimi sikuwa mtulivu. Niliwaza juu ya siku kumi na nne nilizokaa na uongo wangu nikisifiwa. Jumapili mbili zilikuwa ndani ya siku hizo. Moja tu ingetosha kuwaanua wanane.

Tulimzika Alhamisi. Baada ya maziko Mwalimu Gérard alikaa nami uani. Nilimwonyesha daftari langu. Katika yale kumi na moja ya orodha yaliyorudi, matano yalifanana na Kilega na sita hayakufanana. Alihesabu mara mbili. Maneno sitini na mawili kati ya tisini na mawili. Miaka kama elfu moja na mia tatu.

"Na yale manane?" nikamuuliza. "Nimwulize Mama Philomène, tuandike kwa penseli? Labda yalikuwa sawa na yake. Mengine lazima yalikuwa sawa."

"Labda," alisema. "Hatujui, na hatutajua. Sikiliza, Ange. Nafasi tupu inamwambia anayesoma: hapa palikuwa na kitu, kimepotea. Hiyo ni habari ya kweli. Ukiijaza kwa kitu cha kubuni, unamwambia hakuna kilichopotea, na hapo umewapoteza mara ya pili. Siku zote katika kazi yako utakutana na usilolijua. Liache wazi, uandike kwamba hujui. Haitakuletea sifa nyingi, lakini watu wataweza kukuamini kwa yale mengine. Na ukikosea, sema siku ile ile. Wewe ulisema, nakushukuru. Ulichelewa, nawe unajua."

Hakulainisha. Nilitamani anilainishie, ila nisingemwamini.

Kisha Mama akaja akakaa upande wangu wa pili. Alisema anataka kumwekea Koko neno, kama kwao, lakini hajui kikwao. Katika nyumba yetu, na Kindu nzima, aliyekuwa na maneno ya Mukalanga sasa alikuwa mimi, tisini na mawili ya orodha na matatu ya pembeni.

Nilichagua moja, nikaliweka mimi kwa niaba yake, nisiliseme tena mpaka siku ya kuanua. Mama hakuniuliza ni lipi. Alichukua kalenda ya ukutani, akaifunua, akahesabu miezi, kisha akaandika upande wa nyuma tarehe ya kuanua, mwakani, mwezi wa Juni. Alikwenda kwa Mama Philomène kumwambia aiweke kichwani siku hiyo, na kwa mama yake Exaucé, na Mwalimu Gérard akaiandika katika kitabu chake. Mama alisema safari hii hatutangoja mtu yeyote atokee msituni, watu tunao, na matanga yataanuliwa siku yake.